Tumbo la Nyar Uyoma

Mke wangu alisifiwa adabu kabla hajazoea hata njia ya kisimani nyumbani kwetu Asembo. Aliyemsifu ni mama, na mama yangu si mtu wa kumwaga sifa ovyo. Mimi mwenyewe amenisifu mara chache sana maishani, na nyingi kati ya hizo nilikuwa nimelala.

"Mke wako ameona malezi," aliniambia siku hiyo, akichambua omena, dagaa wetu wa ziwani, kwenye uteo, akitupa vijiwe pembeni. "Anakula kama ndege. Anamega kidogo, anatafuna polepole, anashukuru, anainuka. Si kama hawa wengine wanaopigana na ugali."

Hawa wengine walikuwa wake za binamu zangu, na mmoja wao alikuwa amekaa pale pale akisikia kila neno. Alicheka tu. "Mama, mimi nilikuja hapa kuolewa. Sikuja kufa njaa."

Kwetu, mke mpya hajazi mdomo mbele ya wakwe. Anapika jikoni kwa mama mkwe wake mpaka siku atakapopewa meko yake, na wakati huo wote macho yako kwake: ameketi vipi, amejibu vipi, ametia nini kinywani. Wanaume tunakula upande wetu na wazee, wanawake wanakula jikoni. Kwa hiyo mimi sikumwona mke wangu akila. Nilisikia habari tu, na habari zenyewe zilikuwa za kunifanya nitembee nimeinua kidevu.

Tulimwita Nyar Uyoma. Nyar ni binti, na Uyoma ndiko alikotoka, kule kwenye mwalo wa Luanda Kotieno ambako mashua huleta samaki na feri huvusha watu kwenda Mbita. Mke aliyeolewa kwetu huitwa kwa jina la nchi yake, hata akizeeka na kung'oka meno. Mimi nililipenda jina hilo. Nikilitamka nilikuwa naona maji.

Ilikuwa miaka ya tisini ikianza. Nilikuwa nafanya kazi Kisumu, katika kibanda cha kutengeneza redio karibu na stendi ya mabasi, na nyumbani nilikwenda Jumamosi nikipata nafasi. Niliishia darasa la saba, lakini ndoto zangu hazikuishia hapo. Nilitaka kuwa mtangazaji wa mpira. Nilikuwa na kopo la kimbo, yale mafuta ya kupikia, nililolitoboa matundu likawa kipaza sauti changu, na kila redio niliyoifungua niliwahi kuitangazia mechi nzima kabla sijaifunga. Mzee mwenye kibanda, Mwislamu wa mjini ambaye baba yake alitoka pwani, aliniita Mtangazaji hata mbele ya wateja.

"Mtangazaji, mpira umeisha," angesema. "Rudisha ile spika ya watu."

Nyar Uyoma nilikutana naye kwenye kibanda hicho hicho. Alileta redio ya mjomba wake aliyekuwa akiishi naye mjini. Nilimwambia airudie kesho, kesho nikamwambia airudie keshokutwa, na Mzee akaniangalia juu ya miwani akasema hajawahi kuona betri mbovu ikichukua muda mrefu namna hiyo. Alikuwa mwembamba, ndiyo, lakini macho yake yalikuwa makubwa na alicheka kwa mabega. Sikuona zaidi ya hapo. Nani angeona?

Basi, miezi ikaenda. Jumamosi moja nilifika nyumbani nikakuta mama ananisubiri langoni. Mama hanisubirigi langoni. Alinishika mkono akanivuta nyuma ya ghala.

"Wewe mtoto, wewe," alisema, na uso wake ulikuwa unacheka wote. "Huoni kitu?"

"Kitu gani, mama?"

"Mkeo. Tumbo."

Alinieleza kila kitu pale pale akinong'ona, kama mtu anayepanga kuiba ng'ombe. Nyar Uyoma alikuwa anashiba kwa matonge mawili. Akila tu, tumbo linajaa, linakaza kama ngoma. Asubuhi ana kichefuchefu. Kiungulia kinampanda mpaka kooni. Hata haja kubwa anakaa siku nyingi bila kwenda, na mama alishamchemshia majani ya kulainisha tumbo. Mikono imekonda, lakini mama alisema hiyo si ajabu, mtoto wa kwanza hula mama yake.

"Nilikubeba wewe hivyo hivyo," akasema. "Ulininyonya mpaka mashavu."

Siwezi kuieleza furaha yangu bila kuiharibu. Nilipiga kelele, mama akaniziba mdomo. Alikuwa ameshamnunulia ule udongo laini wa kutafuna ambao wajawazito huupenda, na kuku mmoja alikuwa amefungwa mguu tayari. Nilijua pia, bila kuambiwa, kwamba wanawake wa kanisa lake walikuwa wameshaambiwa, maana mama akiwa na furaha huwa hana mfuko wa kuitia.

Niliingia kwenye nyumba yangu ya ujana pale bomani, ambayo ndiyo ilikuwa nyumba yetu wakati huo. Nyar Uyoma alikuwa amekaa kitandani akisuka ukili. Mvua ilianza kupiga mabati, kubwa kabisa, na hiyo ilinifaa maana nilitaka kusema maneno ya kijinga bila watu kusikia.

"Atakuwa mtangazaji," nikamwambia. "Tutampeleka shule mpaka iishe. Atangaze mpira kwa lugha zote."

 Nilipiga magoti nikaweka sikio langu tumboni kwake. Sikio langu ni la kazi. Naweza kusikiliza redio nikajua waya gani umelegea. Tumbo lilikuwa limevimba chini ya mbavu na ngozi yake imekaza. Nilisikia mlio mmoja mwembamba ukipita mbali, kama mtu anayeburuta kiti nyumba ya pili. Halafu kimya.

"Umesikia nini?" akaniuliza.

"Bado hajafungua kituo."

Mabega yake yalitikisika nikadhani anacheka. Kumbe analia.

"Hakuna mtoto," akasema. "Hakuna. Mimi sijaona damu ya mwezi tangu kabla sijakujua. Mama amefurahi sana, kila siku ananishika tumbo, nimeshindwa kumwambia. Sasa utanirudisha kwetu?"

Nilibaki na magoti yangu chini. Mvua ilikuwa inapiga, na kwa muda huo nilishukuru mvua, maana ilikuwa inasema kwa niaba yangu.

"Tumbo hili ni la nini basi?"

"La chakula," akasema. "Chakula hakishuki. Nakula kidogo tu kinakaa hapa kama jiwe, mpaka kesho. Naogopa kula."

Halafu akanieleza, vipande vipande, mchana ule wote, akisimama, akianza tena. Aliletwa mjini kwa mjomba bado msichana mdogo. Mke wa mjomba alikuwa na desturi ya kuangalia sahani yake. Hakumpiga, hakumtukana sana. Aliangalia tu, na mara nyingine akawaambia wageni, "Huyu analima wapi? Mbona anakula kama mtu ametoka shambani?" Wageni walicheka. Yeye akaanza kuacha tonge moja. Kisha mawili. Akaona kwamba hakuna tena wa kusema kitu. Akaona pia kwamba anaweza, wakati watoto wengine wa nyumba hiyo wanapigania ukoko wa sufuria, yeye anaweza kukaa bila.

"Ilikuwa kitu changu peke yangu," aliniambia. "Nilikuwa sina kitanda pale, sina sanduku. Lakini hiyo ya kukaa na njaa ilikuwa yangu. Nikilala na njaa nilikuwa naona nimeshinda. Sasa nimekuja kwenu, nikasema hapa nitakula. Nikakuta nasifiwa kwa kutokula."

Nilimuuliza ugali anaobakisha huenda wapi. Akanionyesha kwa kidole kupitia mlangoni. Kuku wa mama walikuwa wamejikunyata kwenye mvua mbele ya mlango wetu, wote, wakimsubiri yeye. Kuku wanene kweli kweli. Mama alikuwa anajisifu kwa kanisa zima kwamba kuku wake mwaka huo wamependeza.

Nitasema ukweli kwamba nilicheka. Naye akacheka, machozi yakiwa bado yapo, na baada ya hapo tuliweza kuongea.

Jumatatu nilimchukua tukaenda naye Kisumu. Kwa mama nilisema ninampeleka kliniki, na huo haukuwa uongo. Mama alitufungia kuku na akatusindikiza mpaka barabarani, akimshika mkono kama yai.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alituuliza mambo mengi, kisha akanitoa nje, akabaki naye muda mrefu sana. Pale kwenye benchi watu walinitazama. Miaka ile mtu akionekana mwembamba, watu walikuwa wanajua ugonjwa mmoja tu, na walikuwa wanasogeza viti mbali nao. Bibi mmoja aliyekaa karibu nami alinipapasa goti akasema, "Pole, mwanangu. Bado kijana." Nikamwambia asante. Ningemwambia nini?

Nilipoitwa ndani, Nyar Uyoma alikuwa ameketi ameshika mikono yake.

"Bwana, kaa," daktari akasema. "Damu yake tumepima. Ule ugonjwa mnaouogopa hana, na mimba hana. Mke wako ana njaa ya miaka."

Nilisema, lakini chakula kipo.

"Najua kipo. Sikiliza. Umewahi kuona mtu aliyefungwa plasta mguuni miezi mingi? Plasta ikitolewa, mguu unakuwaje?"

"Mwembamba. Haujui kutembea."

"Tumbo pia ni nyama inayofanya kazi. Limekaa bila kazi, limedhoofika, limekuwa polepole. Chakula kikiingia hakisukumwi, kinakaa pale, kinaleta gesi, kinapanda juu kama moto, na huko chini choo kinafunga. Kwa hiyo anapoumwa baada ya kula, anaona chakula ndicho kinachomuumiza. Kumbe kinachomuumiza ni kule kutokula. Mwili unamdanganya, na yeye anauamini mwili wake. Mtu gani hauamini mwili wake?"

Nyar Uyoma alikuwa anatazama sakafu, lakini niliona anasikiliza kwa shingo yote.

"Dawa yake?" nikauliza.

"Nitampa ya kutuliza kiungulia. Lakini dawa yenyewe ni chakula. Kidogo, mara nyingi, kwa saa zake, hata kama hasikii njaa. Hataisikia kwa muda. Yale majani ya kuharisha aache. Na wewe usimshindilie! Najua mnavyofanya huko, mtu akikonda mnamjazia sahani. Aliyekaa na njaa hivi akishindiliwa ghafla anaweza kufa. Aje hapa kila wiki nimsikilize moyo, na tuongee, maana hili halikuanza tumboni." Akamgeukia mke wangu. "Litauma, mama. Litauma zaidi kabla halijatulia. Ukiumwa usiseme umekosea. Sema linajifunza kutembea."

"Nitazaa?" Nyar Uyoma akauliza. Ndilo neno pekee alilosema mbele yangu.

"Mwili ukirudi, na mwezi unaweza kurudi. Siwezi kukuahidi leo. Tuanze na uji."

Tukaanza na uji. Nilipanga chumba kimoja Manyatta, chenye ukuta wa udongo na dirisha la ubao, na kila asubuhi tulikwenda wote kibandani, maana niliogopa kumwacha peke yake na sufuria. Mzee nilimweleza. Alisafisha miwani kwa shati.

"Mimi nafunga kila mwaka," alimwambia mke wangu. "Najua utamu wa njaa, usidhani sijui. Lakini saumu yangu ina magharibi yake, binti yangu. Yako haina magharibi."

Akatoa jiko lake la mkaa aliloyeyushia risasi ya kuunganishia waya, akalisafisha, akasema kuanzia siku hiyo ni la uji.

Nisidanganye kwamba ilikuwa rahisi. Kikombe kidogo kilichukua muda mrefu kuliko redio ya lampu. Alikunywa vijiko vichache akaweka mkono tumboni, akatokwa jasho puani. Alicheua, akaona haya mbele ya wateja, akatoka nje. Siku nyingine alisema ameshiba na uji ulikuwa haujapungua hata kidogo. Siku moja nilikuta ameumwaga nyuma ya kibanda na kuufukia kwa mchanga kwa mguu, vizuri kabisa, kama paka. Nilikasirika nikasema maneno. Akanijibu, "Wewe unaniangalia. Unaniangalia kama mke wa mjomba!"

Na kweli nilikuwa namwangalia. Nilikuwa nahesabu vijiko kwa macho. Ningefanyaje? Kila kijiko kilikuwa kinaingia ndani yangu pia.

Kesho yake sikujua niweke macho wapi, basi nikachukua lile kopo la kimbo, nikamgeuzia mgongo, nikaanza kutangaza mpira. Timu yetu ya nyumbani dhidi ya wale wa Nairobi. "Uwanja umejaa mpaka juu ya miti! Mpira uko kwa namba sita, anatazama kushoto, anatazama kulia, anampa winga, winga huyo mwembamba kama spoki..."

"Usinitangaze mimi," sauti ikasema nyuma yangu.

"Ni winga! Si wewe!"

"Basi mpe jezi, ana baridi."

Nikampa winga jezi. Mzee akawa mwamuzi, akakataa bao letu halali kabisa, tukagombana naye. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua kaseti akasema hata yeye aliona ni bao. Nilipogeuka, kikombe kilikuwa kimebaki nusu.  Nilipuliza filimbi ya mapumziko, kwa sababu yeye naye alikuwa amechoka, na tumbo lilikuwa limeanza kukaza, nilijua kwa jinsi alivyouma mdomo. Kipindi cha pili tulicheza kabla ya saa sita.

Ndivyo tulivyokwenda. Mechi asubuhi, mechi mchana, mechi jioni. Baada ya uji, ndizi iliyopondwa. Baada ya ndizi, supu ya sangara niliyoichuja mwenyewe miiba. Timu yetu ilishinda mara nyingi mno hata Mzee akasema ligi hiyo imenunuliwa. Kila wiki daktari alimsikiliza moyo na kuongea naye mlango umefungwa, na mara nyingine alitoka macho mekundu, mara nyingine alitoka akitaka kutembea tu mpaka ziwani bila kusema. Tukatembea.

Lakini mama alikuwa bado hajui. Hicho ndicho kilichokuwa kinamla Nyar Uyoma kuliko kiungulia. Kila tulipokaribia kwenda nyumbani alirudi nyuma: kikombe kinabaki kimejaa, mikono inakuwa baridi. "Mama ataniona nilimwibia," alisema. Nilijitolea kwenda kumwambia mwenyewe. Akakataa. "Alikuwa ananishika mimi tumbo. Nitamwambia mimi."

Mama hakungoja. Alikuja Kisumu bila taarifa, na kikapu kichwani: omena wakavu, mtama, siagi ya maziwa kwenye chupa, na nguo mbili za mtoto alizoshona kwa mkono. Hizo nguo aliziweka juu kabisa ya kikapu ili zionekane. Mlango wetu ulikuwa wazi. Aliingia, akaweka kikapu, akamtazama mkwewe, na macho yake yakashuka mpaka tumboni. Kwa wakati huo uvimbe ulikuwa umepungua sana.

"Nyar Uyoma," mama akasema polepole. "Mtoto ametoka?"

Alidhani mimba imeharibika. Alishaanza kulia, na mikono yake ameinyoosha. Hapo ndipo mke wangu angeweza kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi: mama angemlilia, angempikia, watu wangempa pole, na ingeisha. Nilimwona akiliona hilo. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na dirisha na, Mungu anisamehe, sikujua nilikuwa naomba aseme lipi.

Alipiga magoti.

"Hakuwahi kuwepo, mama. Nilikuwa sili. Tumbo lilikuwa limevimba kwa kutokula. Ulipofurahi nilishindwa kukuambia."

Mama alikaa kitandani.  Nyar Uyoma alieleza yote, ya mjomba, ya sahani, ya daktari, na sauti yake haikuvunjika mpaka alipofika kwa kuku.

"Kuku?" mama akasema. "Kuku gani?"

"Wako, mama."

"Kuku wangu ndio walikuwa wanakula?"

"Ndiyo, mama."

"Yaye!" Mama alijipiga paja. "Na mimi nawaambia watu ni mbegu nzuri! Nimemuuzia mke wa mchungaji jogoo kwa hiyo mbegu!"

Hakuna aliyecheka bado, tulikuwa tunamwogopa. Mama alizikunja upya zile nguo mbili za mtoto, akazirudisha kikapuni, chini kabisa, chini ya omena. Mikono yake ilichelewa kule chini. Alipoinua uso ulikuwa umezeeka kidogo.

"Mimi nilipoolewa," akasema, "nilikuwa nakula matonge mawili mbele ya mama mkwe wangu. Matonge mawili, kama wewe. Wakisha kulala wazee, mume wangu ananiletea kiporo kwenye kofia yake. Nilidhani na wewe unaletewa." Akanigeukia. "Wewe hukuwa unamletea?"

"Mimi nilikuwa Kisumu, mama."

"Kisumu! Unatangaza mpira kwenye kopo." Akamrudia mkwewe. "Inuka chini hapo. Hilo tumbo nililitangaza mimi, wewe hukulitangaza. Nitarudi nikawaambie wanawake wa kanisa kwamba nilikosea. Mtu mzima akikosea tumbo si aibu, hata wakunga hukosea. Watanicheka kidogo, watachoka."

"Watasema mimi ni mgonjwa."

"Mgonjwa si ana wa kumwuguza? Watasema, watalala." Halafu kwa sauti nyingine kabisa akauliza, "Saa yako ya kula ni saa ngapi?"

Ilikuwa imeshapita kitambo. Mama aliwasha jiko mwenyewe, akapika uji na kusonga ugali. Alitaka kuweka siagi, akakumbuka kuuliza: "Hii tumbo litaiweza?" Kidogo, nikamwambia. Akaweka kidogo kama anayepaka jicho dawa. Kisha akamega ugali wake mwenyewe, tonge kubwa kabisa, la mtu wa kulima, akalifungulia mdomo mbele ya mkwewe bila haya yoyote, akatafuna mashavu yakijaa, akaanza kumsimulia habari za mke wa mchungaji na yule jogoo, jinsi anavyokonda kila siku huko alikouzwa. Nyar Uyoma alikula akimsikiliza. Lilipoanza kumuuma alisema, "Linauma sasa," waziwazi, na mama akasema, "Pole, likae hapo hapo, tusimulie," wakaendelea.

Jioni mama alikwenda kulala kwa dada yake, maana mila yetu haimruhusu mama kulala kwenye nyumba ya mwanawe. Mlangoni aliniambia hatamchukua mkwewe mpaka daktari aseme, na siku atakaporudi nyumbani atapewa meko yake, mapema, apike anachotaka na ale saa anayotaka, mlango ukiwa wazi au umefungwa. Niliona ni mara ya kwanza mama anavunja taratibu na hakuomba ushauri wa mtu.

Hajapona kwa njia ya hadithi. Hata sasa ninapoandika kuna siku anarudi nyuma. Msiba ukitokea, au mgeni akisema neno kuhusu mwili wake, kikombe kinabaki tena kimejaa hadi ukingoni na tunaanza upya na uji. Mtoto hatujapata. Mwezi ulirudi mwaka uliofuata, na alinijia kibandani kunieleza sikioni, nikaangusha chuma cha kuunganishia waya kwenye kiatu changu. Mimi sijawa mtangazaji bado. Bado kijana.

Lakini kuna asubuhi moja ya wiki ile ile mama alipoondoka. Kulikuwa na kazi nyingi, redio ya gari la mtu mkubwa, Mzee na mimi tumeinama juu yake, jasho tupu. Uji nilikuwa nimeuweka juu ya jiko nikausahau. Nikasikia nyuma yangu mtu ananguruma. Nyar Uyoma alikuwa amesimama, ameshika kikombe kitupu, ameshangaa, mkono mwingine tumboni. Lile tumbo ndilo lililonguruma, kwa sauti, hata Mzee alilisikia.

"Ni nini hii?" akauliza, kama mtu aliyepigiwa hodi na jamaa aliyemsahau.

Mzee alimtazama juu ya miwani. "Ni njaa, binti yangu."

Akasimama pale akiisikiliza. Kisha akanikunjia uso, akagonga kikombe kwenye meza yangu ya kazi, vijiti vya risasi ya kuunganishia vikaruka.

"Sasa wewe, huo uji unaiva leo au kesho?"